Binti yangu anataka kuishi kwa kupiga oboe: je, niuze shamba la parachichi?

BARUA

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu kutoka Tukuyu. Mimi ni mkulima wa chai na parachichi, baba wa watoto wanne, na jambo ninalokuletea linamhusu binti yangu wa tatu, mwenye umri wa miaka 20, ambaye mwaka huu amemaliza kidato cha sita na kufaulu vizuri. Amechaguliwa kusomea shahada ya ualimu katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, pale Iringa, na muda wa kuthibitisha nafasi hiyo unakaribia kwisha. Mwenyewe hataki kuthibitisha. Anasema kazi aliyoumbiwa ni kupiga oboe katika okestra, na kwamba akikaa miaka mitatu akisomea ualimu, vidole vyake vitakuwa vimekufa.

Huenda baadhi ya wasomaji wako hawajapata kuiona ala hiyo, kwa hiyo naieleza kama ninavyoiona hapa nyumbani. Ni bomba jembamba jeusi la mti, lenye vitufe vingi vya rangi ya fedha, na juu yake huchomekwa ulimi mdogo wa mwanzi ambao ndio unaopulizwa. Sauti yake inakaribiana na ile ya zumari la watu wa pwani, ila hii ni laini zaidi. Aliijua kupitia kwa mama mmoja Mjerumani, mwalimu mstaafu, aliyekuja na mumewe kuishi karibu na usharika wetu. Mama huyo alikuwa akiipiga kwa kujifurahisha. Binti yangu wakati huo alikuwa kwenye kundi la matarumbeta la vijana, akiwa tayari anasoma noti kidogo, na yule mama akampenda, akamfundisha hadi walipoondoka, kisha akamwachia ala yenyewe. Kila Krismasi hututumia salamu. Tangu aondoke, binti anajifundisha peke yake kwa kutazama video kwenye simu. Hupiga ibadani, na mara nyingine huitwa kwenye harusi hapa Tukuyu na Mbeya mjini, ambako hupewa pesa ya nauli na soda. Watu wote wanamsifu, na hata mchungaji amesema hajapata kusikia kitu kama hicho.

Sasa amejitokeza wakala mmoja wa Mbeya, ambaye anasema kwa malipo ya awali ya shilingi milioni 6 atampatia binti nafasi katika chuo cha muziki Ulaya, na kwamba akimaliza, ajira katika okestra ni ya uhakika. Nimepata mtu wa kununua ekari moja ya parachichi zangu, ambazo ndiyo kwanza zimeanza kuzaa. Mke wangu anapinga vikali. Mama mkwe naye anadai kwamba upulizaji huo utamharibu mtoto mapafu, kwa maana amemwona mara kadhaa akimaliza wimbo huku kichwa kikimzunguka na uso umemwiva.

Naomba uniambie kwa ukweli: hii ni kazi ambayo mtu anaweza kuishi nayo? Je, miaka 20 si umri mkubwa mno kuanza? Mtoto wa Kinyakyusa atakubaliwa na hao wenye muziki wao? Na shamba niliuze au nisiliuze?

Baba aliye njia panda, Tukuyu

JIBU

Mzee wangu, shikamoo.

Nianze na la haraka, kwa sababu hilo lina tarehe yake. Binti athibitishe nafasi yake ya Mkwawa, mnunuzi wa shamba aambiwe asubiri, na wakala asipewe hata shilingi moja. Hakuna kati ya hayo linalomzuia binti kufikia anachokitamani, na yote yanampa nafasi ya kukitafuta bila familia nzima kuwekwa rehani. Yaliyobaki yanahitaji maelezo marefu zaidi, na ningependa binti mwenyewe ayasome, kwa kuwa maswali uliyoniuliza ni yako, lakini kazi ni yake.

Katika barua yako yote nimetafuta mahali unaposema kwamba mtu anayeishi kwa kupiga oboe amewahi kumsikiliza binti yako, akapima kiwango chake, akatoa hukumu. Sikupaona. Mliye naye ni mwalimu wa kwanza, ambaye kwa maelezo yako alipiga kwa kujifurahisha na hajamsikia tangu aondoke, kisha usharika unaompenda, kisha waalikwa wa harusi. Sifa zao ni za kweli na zina thamani yake, lakini hazipimi kile anachotaka kukifanya. Ndiyo maana nasema fedha isitangulie sikio. Kwanza asikilizwe na wanaojua, kisha mjue mnagharimia nini.

Umeuliza kama hii ni kazi. Ndiyo, ni kazi, na ni ya zamani: oboe ilipata umbo lake nchini Ufaransa katikati ya karne ya 17, na tangu hapo watunzi wakubwa hawakuacha kuiandikia. Okestra inapokaa kabla ya tamasha, mpigaji wa oboe ndiye anayetoa sauti ya ‘la’ (noti ya A) ambayo wenzake wote wanalinganisha ala zao nayo, kwa kawaida kwenye herzi 440, na katika okestra nyingi za Ulaya juu kidogo ya hapo. Hata hivyo, hesabu ya viti vyake ni ngumu. Okestra kubwa yenye wanamuziki 90 au 100 huwa na violini zipatazo 30, lakini oboe huwa mbili au tatu, pengine nne ukimhesabu anayepiga ile oboe ndefu ya sauti nzito. Anayekipata kiti hicho hakiachi upesi. Marcel Tabuteau, Mfaransa aliyewafundisha Wamarekani wengi upigaji wa ala hii, alikuwa mpigaji mkuu wa oboe katika okestra ya Philadelphia tangu mwaka 1915 hadi 1954. Albrecht Mayer yuko katika okestra ya Berlin Philharmonic tangu 1992. Mtu mmoja anaweza kukikalia kiti kwa muda ambao vijana wa vizazi viwili wanahitimu vyuoni wakikisubiri.

Kiti kinapokuwa wazi, hujazwa kwa usaili, na usaili huo ni mkali kuliko mtihani wowote wa kidato cha sita. Wanaojitokeza wanaweza kuzidi mia moja kwa nafasi moja, kila mmoja kwa nauli yake. Katika hatua za mwanzo mwombaji hupiga nyuma ya pazia, wasikilizaji wakiwa hawajui jina lake, jinsia yake wala rangi yake, na mahali pengine hutandikwa zulia ili hata mlio wa viatu usimtambulishe kama ni mwanamume au mwanamke. Hupewa dakika chache tu. Huanza na sehemu ya mwanzo ya konseto (utunzi wa ala moja ikisindikizwa na okestra) ya oboe ya Mozart, kisha vipande vifupi vinavyojulikana kwa ugumu wake: ule wimbo mrefu wa oboe katika sehemu ya pili ya konseto ya violini ya Brahms, maombolezo ya simfoni ya tatu ya Beethoven, na mistari ya kasi ya Rossini na Ravel ambayo imewatoa jasho wapigaji wengi. Sasa mpime wakala wako kwa kipimo hicho. Anaahidi ajira ambayo hata mwongozaji wa okestra mwenyewe hawezi kuiahidi.

Pazia hilo linajibu pia sehemu ya swali lako kuhusu mtoto wa Kinyakyusa. Lilienea zaidi Marekani kuanzia miaka ya 1970, na lilisaidia kuwafungulia wanawake milango iliyokuwa imefungwa. Sitakuficha kwamba Waafrika bado ni wachache sana katika okestra za Ulaya na Marekani. Ndiyo sababu mwaka 2015 mpigaji wa besi Chi-chi Nwanoku alianzisha huko Uingereza okestra ya Chineke!, ambayo wengi wa wanamuziki wake ni weusi na wenye asili mchanganyiko. Mlango upo, ingawa ni mwembamba. Kinachowatoa wengi njiani mapema ni kukosa mwalimu na kukosa fedha ya kujikimu, na hayo yanawakuta vijana wa kila rangi.

Umri haunitishi sana. Oboe kwa kawaida haianzwi utotoni kama violini, kwa kuwa inadai vidole vilivyokua na midomo yenye nguvu, na wapigaji wengi waliifikia wakitokea kwenye ala nyingine, kama binti yako alivyotokea kwenye tarumbeta. Kinachonitia wasiwasi ni ile miaka ya kujifundisha peke yake. Video inaonyesha vidole. Haionyeshi jinsi midomo inavyokunjwa juu ya meno, wala haimsikii mpigaji anapopanda juu ya sauti sahihi. Kosa dogo la midomo likirudiwa kila jioni hugeuka tabia, na kuing'oa tabia hiyo baadaye huchukua muda mrefu kuliko kuanza upya.

Kuhusu mapafu, mpe bibi pole na umtoe hofu. Upenyo wa ulimi wa oboe ni mdogo mno, kiasi kwamba hewa inayopita ni kidogo kuliko katika filimbi au tarumbeta. Taabu ya mpigaji haiwi kuishiwa na pumzi. Anafika mwisho wa mstari kifua kikiwa bado kimejaa hewa iliyokwisha kutumika, na akivuta nyingine juu yake kichwa kinamzunguka. Dawa ni kutoa kwanza ndipo avute, na mahali pa kufanya hivyo huwekewa alama kwenye noti mapema. Kama binti anamaliza nyimbo uso umemwiva, huenda hakufundishwa hilo, au ulimi anaoutumia ni mgumu mno. Nadhani ni yote mawili.

Hapo kwenye ulimi ndipo ningependa nikae kidogo, kwa maana watu wanaoitazama kazi hii kwa mbali hawapaoni, na ndipo wengi wanaoianza wanapoiachia. Ulimi wa oboe ni vipande viwili vya mwanzi vilivyofungwa pamoja, na hautengenezwi kiwandani ukadumu kama kitufe cha gari. Hudumu kwa saa chache za upigaji, wiki moja au mbili kwa mtu anayefanya mazoezi kila siku, kisha unalegea na kutupwa. Mwanzi unaotumika ni ule ambao wataalamu wa mimea huuita Arundo donax, na unaosifika zaidi hutoka jimbo la Var, kusini mwa Ufaransa. Huchaguliwa wenye kipenyo cha takriban milimita 10, hupasuliwa vipande vitatu, huchongwa kwa ndani hadi ubaki unene wa karibu milimita 0.6, hulowekwa, hukunjwa katikati, hukatwa kwa kufuata kiolezo, kisha hufungwa kwa uzi juu ya kijibomba cha madini chenye urefu wa milimita 47 hivi. Baada ya hapo ncha hufunguliwa na kisu huanza kukwangua, kidogo kidogo, mpaka ncha iwe nyembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Ukikwangua pungufu, ala haiitiki. Ukizidisha mara moja tu, kazi ya jioni nzima imekwenda na maji.

Mpigaji wa kulipwa hutumia sehemu kubwa ya maisha yake mezani akiwa na kisu, kinoo na kikombe cha maji, kuliko jukwaani. Nimesema hivi ili nikuombe jambo moja: mtazame binti yako ana ndimi ngapi zilizobaki na anazitunzaje. Vijana walio mbali na maduka ya vifaa hivi huloweka ndimi zao kwenye kichupa cha dawa na kuzikwangua kwa wembe, wakifufua ule ulimi mmoja uliokwisha kufa. Kama naye anafanya hivyo, na kama anaifurahia kazi hiyo ndogo ya kuchosha, basi nitampa matumaini kuliko nitakayompa kwa sababu ya sifa zote za harusini. Akiichukia, akawa anasubiri mtu amletee ndimi tayari kutoka nje, ajue kwamba kila ulimi mmoja uliotengenezwa kwa mkono unauzwa kati ya dola 15 na 30, na kwamba atahitaji mpya mfululizo kwa maisha yake yote ya kazi.

Kwa ninyi mnaoishi nyanda za juu jambo hili lina uzito wa ziada. Tukuyu iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na Mbeya mjini iko juu zaidi. Ulimi uliotengenezwa usawa wa bahari, uwe wa Dar es Salaam au Hamburg, hubadilika ukifika huko: mara nyingi huwa mgumu, na mpigaji hudhani kosa ni lake. Akijua kukwangua mwenyewe ataurekebisha kulingana na hewa ya nyumbani kwake. Asianze na mwanzi mzima, kwa sababu mashine za kuchongea ni ghali. Huuzwa mwanzi uliokwisha kuchongwa na kukatwa kwa kiolezo, na kwa huo anahitaji tu kisu kizuri, uzi, vijibomba na uvumilivu.

Ala yenyewe pia iangaliwe. Ukisema ni ya mti mweusi, yaelekea sana ni mpingo, mti uleule unaokatwa Lindi, Mtwara na Ruvuma na kupelekwa Ulaya kutengenezewa oboe na klarineti. (Inanifurahisha kila nikifikiri kwamba vijiji vya Kilwa, vilivyopata cheti cha kimataifa cha usimamizi mzuri wa misitu mwaka 2009, huenda ndivyo vinavyoifanya okestra ya mbali ilie.) Mpingo hupasuka ukipashwa moto ghafla kwa pumzi huku nje kuna baridi, na asubuhi za Juni na Julai huko kwenu zinatosha kabisa kufanya madhara hayo. Kipande cha juu kikumbatiwe kwapani au mikononi kabla ya kupulizwa, na kikaushwe kwa kitambaa baada ya mazoezi. Ufa ukitokea, fundi wa karibu wa kuutengeneza hayuko Mbeya. Ala mpya ya kiwango cha kazi huanzia kama dola 8,000 kwenda juu, kwa hiyo mliyoachiwa ni mali, na ni ya kushukuriwa.

Sasa fedha. Vyuo vingi vya muziki vya umma nchini Ujerumani havitozi ada ya masomo. Jimbo la Baden-Württemberg hutoza wanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Kuingia ni kwa usaili wa kupiga, ambao mara nyingi hutanguliwa na rekodi ya video, na mwombaji hutakiwa kuwa na cheti cha lugha ya Kijerumani. Hakuna wakala anayeuza nafasi hizo kwa sababu hazina bei. Gharama kubwa iko kwenye viza: mwanafunzi hutakiwa kuonyesha kwamba ana karibu euro 12,000 za kujikimu kwa mwaka mmoja, yaani zaidi ya shilingi milioni 30. Shilingi milioni 6 za wakala ni nyingi mno kwa kitu ambacho hakipo, na ni kidogo mno kwa kitu ambacho kipo. Kuhusu ekari ya parachichi zinazoanza kuzaa sasa, wewe mkulima unajua kuliko mimi. Mimi ningemwuzia mtu chai kabla ya kumwuzia hiyo. Zaidi ya hapo, shamba hilo ndilo huenda likaja kumlipia binti miaka ya kujikimu, iwapo hukumu itatoka kwamba anastahili kwenda.

Hukumu hiyo itafutwe mwaka huu wa kwanza wa Mkwawa, na mtu wa kwanza wa kuandikiwa ni yule mama Mjerumani. Nimeshangaa kidogo kwamba anawatumia salamu kila Krismasi na hakuna aliyemwuliza swali hili. Hata kama alipiga kwa kujifurahisha, alijifunza kwa mtu, na huko kwao karibu kila mji mkubwa una okestra inayotegemea fedha za umma. Nchi nzima ina zaidi ya 120. Anaweza kumpata mpigaji mmoja wa kulipwa atakayekubali kusikiliza rekodi ya dakika chache. Barua hiyo aiandike binti mwenyewe, aeleze alipofika na anachokosa, na aombe mambo mawili tu: msikilizaji, na kifurushi cha mwanzi uliokatwa kwa kiolezo. Asiombe nauli wala ufadhili katika barua ya kwanza.

Msikilizaji wa pili atoke karibu zaidi, ili mpate maoni mawili yasiyotegemeana. Nairobi ina Kenya Conservatoire of Music, iliyoanzishwa mwaka 1944, pamoja na okestra za wapenzi wa muziki, na likizo moja ya chuo inatosha kwenda huko kusikilizwa na kukaa na wenzake. Akivuka mpaka na ala yake hatahitaji kibali cha mpingo: masharti ya kimataifa yaliyowekwa mwanzoni mwa 2017 yaliondolewa kwa ala zilizokamilika mwishoni mwa 2019. Mitihani ya madaraja ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, inayokwenda hadi daraja la nane, nayo hufanyika kwa rekodi ya video tangu mwaka 2020, na kwa mtu wa Tukuyu au Iringa huo ni unafuu mkubwa. Cheti cha daraja la nane hakimpi mtu kazi, lakini kitamwambia yeye na wewe kama yuko karibu na mlango wa chuo au yuko mbali nao.

Iwapo wasikilizaji wote wawili watasema anafaa, mambo yanabadilika. Hapo ndipo atafute usaili wa vyuo vya Ujerumani, au vya Afrika Kusini, ambako miji ya Cape Town na Durban ina okestra zinazoajiri na vyuo vikuu vinavyofundisha ala hizi. Na hapo ndipo wewe, mama yake na wajomba mkae kuzungumzia fedha. Wakisema ana kipaji lakini hafiki kiwango cha okestra, bado kuna maisha ndani ya muziki. Tanzania haina okestra ya simfoni inayolipa mshahara wa mwezi, na ni lazima hilo lisemwe waziwazi. Lakini Muziki ni somo linalotahiniwa kidato cha nne, shule zinazolifundisha ni chache na walimu wake ni wachache vilevile, na mwalimu mwenye shahada anayesoma noti za mistari mitano, si solfa peke yake, hatakaa bila kuitwa. Anaweza hata kuuliza kuhusu kuhamia shahada yenye muziki ndani yake, iwe Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Makumira kule Arusha, ila aulize kwanza kama kuna mtu wa kumfundisha ala ya kupuliza. Sehemu kubwa ya wapigaji wa oboe duniani huishi hivyo: hufundisha, hupiga kwa mialiko, huuza ndimi walizotengeneza. Wenye kiti cha kudumu ni wachache miongoni mwao.

Kuhusu vidole vitakavyokufa Mkwawa, mwambie havitakufa. Kinshasa kuna okestra ya simfoni ya Wakimbanguiste (waumini wa kanisa la Simon Kimbangu), iliyoanzishwa mwaka 1994 na watu wenye kazi nyingine za mchana, wengi wao wakiwa wamejifundisha wenyewe, na imesafiri hadi Ulaya. Saa moja na nusu kila siku, kabla ya vipindi, ikigawanywa kati ya sauti ndefu, skeli (noti zinazopanda na kushuka kwa mpangilio) na kipande kimoja kinachofanyiwa kazi kwa mwezi mzima, itamfikisha mbali kuliko siku nzima ya kurudia nyimbo za harusi. Nyimbo hizo aendelee kuzipiga kwa ajili ya nauli, lakini asizihesabu kuwa mazoezi.

Rekodi ya kwanza naishauri iwe hivi: skeli mbili polepole, ukurasa wa mwanzo wa konseto ya Mozart, na kipande kimoja cha Britten katika vile sita vya mwaka 1951 alivyoviandika kwa oboe peke yake, kwa kuwa hapo hatahitaji mpiga kinanda. Simu iwekwe hatua tatu hivi kutoka alipo, apige kila kipande bila kukata, na akikosea asianze kurekebisha kwa programu, maana msikilizaji mzoefu atalitambua hilo kabla ya kosa lenyewe. Afanye asubuhi, katika chumba chenye dari, kwa sababu mvua ya Rungwe ikianza kupiga bati hakuna atakayesikia kitu. Akishaituma, unaweza kumpigia mnunuzi wa shamba na kumwambia kwamba jibu lake litatoka mwakani.